Gemu za michezo za zamani si takataka za msimu uliopita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni katika kurasa za michezo, ambayo mwandishi wake aliwashauri wasomaji wenye konsoli za zamani waziondoe majumbani mwao, na akasisitiza kwamba kati ya gemu zote, zile za michezo ndizo zisizo na sababu yoyote ya kutunzwa. Hoja yake ilikuwa fupi: gemu ya mpira wa miguu hutoka kila mwaka, vikosi hubadilika, picha huwa nzuri zaidi, na kwa hiyo ile ya mwaka uliotangulia hufa siku mpya inapoingia sokoni. Gemu za visa na safari, alisema, huzeeka kwa heshima kama riwaya; gemu za michezo huzeeka kama ratiba ya ligi iliyokwisha.

Nimeisoma makala hiyo mara mbili, na sina ugomvi na kalamu yake. Ugomvi wangu ni na ushauri. Nimecheza gemu hizi tangu utotoni, nina konsoli tatu za vizazi tofauti ambazo bado zinawaka, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mtu ambaye ndugu na marafiki humletea mashine zao zilizogoma kusoma diski. Kwa uzoefu huo nathubutu kusema kwamba gemu za michezo ndizo zinazohitaji kutunzwa kuliko nyingine zote, na kwa sababu ile ile aliyoitumia mwandishi kuzihukumu: zimefungwa kwenye msimu wake, na msimu ukishapita hakuna anayeuchapisha upya.

Kosa la kwanza la makala ni kudhani kwamba gemu ya zamani ni gemu ya leo iliyopungukiwa nguvu. Magnavox Odyssey, konsoli ya kwanza ya nyumbani kuuzwa, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer na kutoka mwaka 1972, haikuwa na sauti wala haikuweza kuhesabu pointi. Uwanja wa tenisi haukuchorwa na mashine. Ulikuwa karatasi angavu ya plastiki iliyobandikwa kwenye kioo cha runinga, na wachezaji walijiandikia matokeo yao wenyewe. Miaka mitano baadaye ikaja Atari 2600, yenye kumbukumbu ya baiti 128 tu, kiasi ambacho hakitoshi hata kuhifadhi sentensi hii ninayoiandika ikiwa nitaiacha iendelee hadi mwisho wake. Humo ndani watengenezaji walifaulu kuingiza mpira wa miguu uliobeba jina la Pelé. Wachezaji wa ndani walikuwa watatu kwa kila timu, nao walikwenda pamoja kama waliofungwa kamba moja, ukimsogeza mmoja wenzake wanafuata, na uwanja ulitazamwa kutoka juu kabisa. Haufanani na mpira wowote nilioutazama uwanjani, lakini mwenye papara hujifunza haraka kwamba akikimbilia pembeni ameiondoa timu yake nzima katikati.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ice Hockey ya Nintendo, gemu ya mpira wa magongo wa barafuni, iliyotoka mwaka 1988 kwa ajili ya NES, konsoli ya kampuni hiyo hiyo. Ili mtu aielewe, inafaa ajue jinsi mashine hiyo ilivyokuwa ikichora. NES inaweza kuonyesha vipande 64 vya picha zinazotembea kwa wakati mmoja, lakini katika mstari mmoja wa mlalo wa skrini haionyeshi zaidi ya vinane, na kila kipande kina upana wa nukta nane tu. Mchezaji mwenye umbo la kutambulika huhitaji vipande viwili au zaidi kwa upana wake. Kwa hiyo wakijipanga watano katika mstari mmoja, nafasi zimekwisha, na mashine haina la kufanya ila kumficha huyu kwa zamu ili yule aonekane. Ndiyo sababu katika gemu nyingi za wakati ule wachezaji walikuwa wakimetameta kama taa yenye waya uliolegea. Hebu fikiria shida ya mtu aliyepewa kazi ya kutengeneza mchezo wa timu kwenye mashine isiyopenda watu wengi.

Waliotengeneza Ice Hockey walipunguza kila timu ikabaki na wachezaji wanne na kipa, kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo naliona la busara kubwa. Badala ya kumpa kila mchezaji orodha ndefu ya takwimu, walitoa maumbo matatu: mwembamba, wa wastani na mnene. Mwembamba ana kasi na ni hodari wa kunyakua kisahani kinachochezwa badala ya mpira mchezo unapoanzishwa, lakini shuti lake halina uzito na akigongwa tu anaanguka. Mnene huenda polepole kama mkokoteni uliojaa, lakini akipiga, kipa hujuta, na kumwangusha si kazi ya mara moja. Kabla ya mechi kila mtu anachagua wanne wake. Hiyo ndiyo siri yote, na mtu asiyejua kusoma wala hajawahi kuona mchezo huo wa barafuni ataielewa kwa kutazama matumbo. Nimewaona watu wazima, wenye majukumu na heshima zao, wakibishana robo saa nzima kama wanene wawili wanatosha au wahitajike watatu, na mechi yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Sijaona mjadala wa aina hiyo ukizuka mbele ya gemu mpya yenye takwimu 30 kwa kila mchezaji, kwa sababu takwimu 30 hazibishaniwi, husomwa tu.

Kwenye mpira wa miguu wenyewe tofauti ni kubwa zaidi, na hapa ningemsihi mwandishi wa makala acheze kabla ya kuandika tena. Katika kipindi cha miaka michache tu, kuanzia 1992, mtu aliweza kupata namna tatu za kuufikiria mpira ambazo hazikukubaliana hata kidogo. Sensible Soccer ilichora wachezaji wadogo kama punje, ikatazama uwanja kutoka juu, na haikuugandisha mpira mguuni: ukigeuka ghafla, mpira unaendelea na safari yake, nawe umebaki unahangaika. Lakini baada ya kupiga shuti unaweza kuupinda mpira angani kwa kidole, na mtu aliyeuzoea mkunjo huo hufunga mabao ambayo hayaelezeki. FIFA International Soccer, iliyotoka kwa konsoli ya Sega iitwayo Mega Drive mwishoni mwa 1993, iliuweka uwanja mshazari, ikaleta kelele za mashabiki na mwonekano wa matangazo ya runinga, na ndiyo iliyowavuta watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na habari na gemu. International Superstar Soccer ya Konami, kwenye SNES, konsoli ya Nintendo iliyoifuata NES, ilichukua njia ya tatu: wachezaji wakubwa wenye miili inayoonekana kuchoka, na washambuliaji wenye tabia zao. Allejo wa Brazil, ambaye hakuwahi kuzaliwa popote, anakumbukwa na watu wengi kuliko washambuliaji kadhaa waliozaliwa.

FIFA hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro maarufu. Kipa akiudaka mpira na kutaka kuurusha, ulichohitaji ni kumsimamisha mchezaji wako mbele yake. Mpira ulimgonga na mara nyingi ukarudi moja kwa moja wavuni. Vilevile, ukicheza rafu na mwamuzi akaanza kukufuata na kadi yake, uliweza kumkimbia uwanja mzima. Mwandishi wa makala angeziita hizo hitilafu, na kiufundi ana haki. Lakini kila kundi lililocheza gemu hiyo lilitunga sheria zake: wengine walikataza kusimama mbele ya kipa, wengine waliruhusu mara moja kwa kila kipindi, wengine walisema bao hilo halali ila mfungaji asishangilie. Nikicheza na mtu nisiyemjua, swali la kwanza huwa ni hilo, na kwa jibu lake najua alilelewa na watu wa namna gani.

Na kuna mambo ambayo hata hayakuwa kasoro. Mark Turmell, aliyeongoza utengenezaji wa NBA Jam, gemu ya mpira wa kikapu, ni shabiki wa timu ya Detroit Pistons, na amekiri kwamba aliingiza ndani ya programu hila ndogo dhidi ya timu ya Chicago Bulls: Bulls wakirusha mpira wa mwisho katika sekunde za mwisho dhidi ya Pistons, uwezekano wa kukosa huongezeka. Kwa miaka mingi watu waliocheza na Bulls walilaumu vidole vyao. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba ndani ya kaseti kuna mtu, mwenye mapenzi na kinyongo chake, na kwamba gemu ya michezo inaweza kusomwa kama maandishi mengine yoyote.

Kosa la pili la makala ni zito zaidi, nalo linahusu vikosi. Mwandishi anasema kikosi kilichopitwa na wakati hakina thamani. Naomba afikirie Tecmo Super Bowl ya NES, ya mwaka 1991, ambayo ilikuwa na timu zote 28 za wakati ule za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, pamoja na majina halisi ya wachezaji, na ndani ya kaseti yake iliwekwa betri ili msimu mzima na takwimu zake vihifadhiwe. Humo yumo Bo Jackson wa Los Angeles Raiders, mwenye kasi ambayo mabeki wote wa gemu hiyo hawawezi kuifikia. Bo Jackson halisi aliumia nyonga katika mechi ya mtoano Januari 1991, na hakucheza tena NFL. Gemu ilipofika madukani mwishoni mwa mwaka huo, kazi yake ya mpira huo ilikuwa imekwisha, lakini kwenye kaseti bado anakimbia, na ataendelea kukimbia kwa kadiri shaba ya kaseti itakavyogusa shaba ya konsoli. Kitabu cha takwimu kitakuambia alikimbia yadi ngapi. Hakitakuambia jinsi watu wa mwaka ule walivyomwona. Gemu inakuambia, kwa sababu mtu fulani aliketi akaamua ampe kasi kiasi gani, na uamuzi huo ni ushahidi.

Leseni nazo zimeacha alama zake, na pengine hapa ndipo gemu za michezo zinapotofautiana kabisa na nyingine. R.B.I. Baseball kwenye NES ilikuwa na majina halisi ya wachezaji lakini haikuwa na majina ya timu zao, kwa kuwa ruhusa ilitoka kwa chama cha wachezaji na si kwa ligi. Pro Evolution Soccer ya Konami ilikuwa na shida kama hiyo kwa sura nyingine: Manchester United ikaitwa Man Red, Liverpool ikawa Merseyside Red, na Roberto Carlos, katika matoleo ya awali ya mfululizo huo, akaitwa Roberto Larcos, kana kwamba kubadilisha herufi kungemficha mtu mwenye mapaja yale. Kizazi kizima kilijifunza kusahihisha majina hayo kwa mkono, jina moja baada ya jingine, herufi moja baada ya nyingine, kwa kubonyeza mishale ya pedi. Mimi mwenyewe nimetumia likizo nzima nikibatiza upya timu za Uingereza. Punch-Out!! ya Nintendo ilitoka mwaka 1987 ikiwa na jina na sura ya Mike Tyson kama bondia wa mwisho. Makubaliano yalipokwisha, mwaka 1990 ikatolewa upya na nafasi yake ikachukuliwa na bondia wa kubuni anayeitwa Mr. Dream, mwenye ngumi zile zile na kichwa kingine. Gemu hiyo ilipotolewa tena kwenye vifaa vya miaka ya karibuni, aliyekuja ni Mr. Dream. Anayetaka kupigana na Tyson lazima awe na kaseti ya zamani, na hilo ndilo jibu langu fupi kwa mtu anayesema kaseti ya zamani haina kazi.

Leseni pia huua. Mwaka 2004 ESPN NFL 2K5 iliuzwa kwa bei ya chini kuliko nusu ya bei ya kawaida ya gemu mpya, na wachezaji wengi waliiona kuwa sawa au bora kuliko mpinzani wake, Madden ya mwaka huo. Desemba ya mwaka huo huo Electronic Arts, kampuni iliyotengeneza Madden na zile gemu za FIFA, ikapata haki ya kipekee ya kutumia NFL na wachezaji wake, na mfululizo ule wa 2K ukafungiwa mlango. Hakuna aliyesema gemu ile ni mbaya. Haikuruhusiwa tu kuwa na mrithi.

Katika miaka ya karibuni mambo yamezidi kubana. Baada ya Electronic Arts na FIFA kuachana, na jina la mfululizo kubadilika mwaka 2023, gemu za nyuma zenye jina la FIFA ziliondolewa kwenye maduka ya kidijitali. Konami nayo ililiacha jina la Pro Evolution Soccer mwaka 2021 na kuanzisha eFootball. Mtu aliyenunua kwa kupakua anaweza kubaki na alichopakua, lakini anayekuja leo hapati kitu. Hali ya gemu kwa ujumla si njema: utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Gemu ya visa inayomilikiwa na kampuni moja inaweza kufufuliwa siku kampuni hiyo itakapopenda. Gemu ya mpira yenye ligi kadhaa, mamia ya wachezaji, watengenezaji wa jezi, viwanja, mtangazaji na nyimbo kumi na kitu za wasanii tofauti, nani atazunguka kuomba sahihi hizo zote upya kwa ajili ya msimu wa 1998? Maktaba na makavazi ya Marekani yaliomba yaruhusiwe kuwaonyesha watafiti gemu zilizotoweka sokoni kwa njia ya mtandao, bila mtafiti kulazimika kusafiri hadi kwenye jengo lenyewe, na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa.

Kwa hiyo nakala zilizobaki mikononi mwa watu ndizo zilizobaki. Gazeti lenu, Mhariri, halitupi matoleo yake ya jana kwa sababu matokeo ya mechi yamepitwa na wakati. Naamini mnayo mahali yamefungwa kwa miaka, na mwandishi wenu huyo huyo hukimbilia huko anapotaka kujua nani alifunga bao gani. Sielewi ni kwa nini ayaone matoleo yale kuwa hazina na diski kuwa takataka.

Nakiri jambo moja kwa upande wake. Si kila gemu ya kila mwaka ina neno jipya la kusema. PlayStation 2 ilizinduliwa mwaka 2000, na bado mwaka 2013 FIFA 14 ilitolewa kwa ajili yake. Yale matoleo ya mwishoni yalikuwa vikosi vipya na jezi mpya juu ya gemu ya zamani, na anayeyacheza mfululizo atatambua hata kikohozi cha mtangazaji. Kama makala ingesema hayo tu, nisingeandika. Lakini hata hizo nisingezitupa, kwa sababu ya vikosi.

Badala ya kuwaambia wasomaji watupe, ukurasa wenu ungewafaa zaidi kwa kuwaambia namna ya kutunza, na niruhusu nianze mimi. Kaseti isiyosoma isipulizwe kwa mdomo, ijapokuwa sote tulifanya hivyo; unyevu wa pumzi huziozesha shaba zake taratibu. Ifutwe kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya kusafishia, kisha iachwe ikauke kabisa. Diski ifutwe kuanzia katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko humpoteza msomaji wa leza kuliko unaoukata. Betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kaseti zinazohifadhi msimu haidumu milele, na ikifa huondoka na kila kitu. Anayetaka kuibadilisha ajue kwamba akiitoa tu, rekodi zake nazo zimetoka, isipokuwa kama amezinakili kwanza.

PlayStation ya kwanza ina ugonjwa wake. Katika zile za matoleo ya awali, reli ya plastiki inayobeba lenzi huchakaa, lenzi inainama, na diski nzuri kabisa inaanza kukwama mtangazaji akiwa katikati ya neno. Wengi mnakumbuka dawa yake: kuigeuza konsoli kifudifudi, au kuisimamisha kwa ubavu, ili uzito wa lenzi uielekeze upande mwingine. Haikuwa ushirikina, ilikuwa fizikia. Ila si tiba, na mashine iliyofikia hapo inahitaji kufunguliwa.

Kuhusu kadi za kumbukumbu nina ushuhuda wa uchungu. Kadi ya PlayStation ya kwanza ina nafasi 15 tu, na ya PlayStation 2 ina megabaiti 8, na kila mwenye nayo amewahi kulazimika kuchagua afute nini ili kingine kiishi. Kwenye kadi yangu ya PlayStation 2 nilikuwa na misimu minane ya Master League, sehemu ya Pro Evolution Soccer ambamo mtu huendesha klabu msimu baada ya msimu, niliyoianza na kikosi kile duni ambacho gemu humpa kila anayeanza, akina Castolo na Minanda. Mwiko wangu ulikuwa mmoja: wote niliwauza kadiri timu ilivyopanda, lakini Castolo sikumuuza, alikuwa akiingia dakika za mwisho hata alipokuwa hawezi tena kukimbia. Siku moja mdogo wangu aliichomoa kadi wakati skrini ingali inaonya kwamba isichomolewe. Tulipoirudisha, faili ilikuwepo, jina lake lilikuwepo, na haikufunguka. Tangu siku hiyo huwa nina kadi mbili, nanakili kutoka moja kwenda nyingine kila mwisho wa msimu, na namshauri kila mtu afanye hivyo leo, kabla ya kuendelea kusoma gazeti.

Runinga nayo haisahauliki. Gemu hizi ziliundwa kwa ajili ya runinga za kioo kizito, ambazo huonyesha picha mara tu zinapoipokea. Runinga bapa za leo huichezea picha kwanza, zikiinyoosha na kuisafisha, na kuchelewa huko kwa sehemu ndogo ya sekunde kunatosha kumfanya bondia wako akwepe ngumi iliyokwisha kumfikia. Watu wengi huirudia gemu ya utotoni kwenye runinga mpya, hushindwa, na kuhitimisha kwamba gemu ilikuwa mbaya au wao wamezeeka. Waangalie kwanza kama runinga ina hali maalumu ya gemu. Tena wakumbuke walicheza toleo gani: mfumo wa runinga wa PAL ulionyesha picha 50 kwa sekunde na ule wa NTSC 60, na gemu nyingi zilihamishwa kutoka NTSC kwenda PAL bila kurekebishwa, zikaenda polepole kwa karibu asilimia 17. Watu wawili waliocheza gemu moja katika sehemu mbili za dunia wanaweza kubishana juu ya kasi ya winga yule yule, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Anayetumia emuleta, yaani programu inayoiga konsoli, kwenye kompyuta naye anapaswa kulijua hilo, ama sivyo ataitunza gemu ambayo hakuwahi kuicheza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mchapishe marekebisho ya ushauri ule, walau kwa mistari michache, kabla wasomaji wengi hawajaufuata, kwa sababu mashine iliyokwisha kutupwa haiokotwi. Kwa mwandishi wa makala sina kinyongo. Nina Mega Drive inayowaka, pedi mbili ambazo vitufe vyake vyote vinafanya kazi, na kaseti ya FIFA ya 1993. Niko tayari kucheza naye siku atakayoichagua, yeye ndiye achague timu kwanza, kwa sharti moja tu: asisimame mbele ya kipa wangu.

Wako,
Msomaji wenu wa muda mrefu